Wifi wa Ukutani



Mwanamke anapoolewa hupata wifi wawili. Wa kwanza ni ndugu wa mume, ambaye tumefundwa tangu usichana namna ya kuishi naye: mpokee kwa bashasha, mpe haki yake, ila funguo za kabati usimpe. Wa pili yuko ukutani sebuleni, kiboksi chenye antena mbili na taa za kijani. Majina yao yanaandikwa kwa herufi zile zile, ila huyu wa pili tunamtamka waifai. Somo hakutwambia neno juu yake, wala mama, wala khaloo. Na huyu ndiye anayejua tunalala saa ngapi, nani yumo ndani na nani katoka. Mlango wake tumeuacha bila komeo, kwa sababu tumeambiwa komeo ni usumbufu.

Leo tunaandika kwa hasira. Tunaomba radhi mapema kama ulimi utapita mpaka.

Kisa ni cha Rwamishenye. Kwa asiyekujua, Rwamishenye ni kata ya Manispaa ya Bukoba, mkoani Kagera, upande wa magharibi wa Ziwa Victoria. Ukitoka mjini kwenda Muleba unaipita. Sisi wa visiwani tulifika huko mwezi wa Shaaban, msimu wa harusi kama kawaida, kumsindikiza mtoto wetu mmoja ambaye mama yake ni wa kwetu na baba yake ni Mhaya. Boti, kisha basi la usiku na mchana, miguu imevimba kama mihogo. Tukapokewa kwa desturi ya wenyewe, kahawa ya kutafuna kwenye kisahani, kila mgeni akachukua punje zake. Nyumba safi, migomba imeizunguka pande zote, watu wakarimu mpaka unaona haya.

Siku mbili kabla yetu alikuwa amefika fundi. Kaka wa bibi harusi, anayefanya kazi Muscat, alikuwa ametuma zawadi: ruta mpya, runinga kubwa ya kuunga na intaneti, na kamera mbili. Moja ikawekwa getini. Ya pili ikawekwa kona ya sebule, ikitazama mlango na ukumbi wote. Fundi akafanya kila kitu kwa alasiri moja. Shangazi mwenye nyumba alitusimulia kwa furaha jinsi kijana yule alivyokuwa mwepesi: hakuandika paswedi hata moja, alibonyeza kitufe nyuma ya ruta, akabonyeza kwenye runinga, vikaungana vyenyewe. Kamera akaziunga kwa simu yake. “Mama, usihangaike na mambo ya herufi na namba,” alimwambia. “Likitokea tatizo nipigie tu, nitalirekebisha nikiwa hapo hapo nilipo.”

Basi ikafika usiku wa hina. Wanawake watupu, geti limefungwa, wanaume wamepelekwa nyumba ya jirani. Mabuibui yametundikwa, vichwa wazi, nywele zimefumuliwa. Bibi harusi kakaa katikati kwa khanga moja, singo na liwa mwilini, hina mikononi na miguuni, hawezi kushika kitu. Wanaojua kucheza wanacheza. Ndipo binti mmoja, mwanafunzi wa chuo, akasimama ghafla na kuuliza ile taa nyekundu pale juu ni ya nini.

Shangazi akasema ni ya usalama, mwanangu, ya wezi.

“Nani anaiona?”

Kaka yao wa Muscat. Sawa, yule ni maharimu wa bibi harusi, ingawa si maharimu wetu sisi wengine tuliokuwa tumejaa ukumbini. Na nani mwingine? Hakuna aliyejua. Saa nne usiku akapigiwa fundi, simu ikawekwa sauti ya nje, na kijana akajibu kwa moyo mweupe kabisa: ndiyo, kamera ziko kwenye akaunti yake, kaka wa Muscat yeye alimuongeza tu kama mtazamaji. Ndivyo anavyofanya kwa wateja wote, ili iwe rahisi kuwahudumia. Ana nyumba nyingi tu kwenye simu yake.

Ngoma ilikufa pale pale. Mtu mmoja akapanda kiti akaifunika kamera kwa khanga. Bibi harusi akaanza kulia, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na hina mbichi, ilibidi mwingine amfute machozi.

Hatusemi kwamba kijana yule alitazama. Hatuna ushahidi, na kumdhania Muislamu mabaya ni dhambi ambayo hatutaki kuibeba. Tunasema aliweza kutazama, usiku ule na kila usiku, akiwa kitandani kwake, na hakuna mtu ndani ya nyumba ambaye angejua. Yeye mwenyewe hakuona kosa. Hasira yetu hatumwelekezei yeye. Tunaielekeza kwenye neno moja ambalo kila mtu alikuwa akilirudia usiku ule kujitetea, kuanzia fundi mpaka shangazi mpaka kaka aliyepigiwa Muscat: urahisi.

Ilikuwa rahisi. Haya, tulitazame hilo neno.

Kile kitufe alichobonyeza fundi kina jina, huandikwa WPS. Kilibuniwa miaka ya 2000 kwa nia njema kabisa, ili watu wasiopenda kuandika maneno marefu waweze kuunga vifaa vyao. Ukikibonyeza, ruta hufungua mlango kwa muda wa dakika mbili, na kifaa kinachobisha hodi ndani ya dakika hizo kinakaribishwa bila kuulizwa jina. Dakika mbili si nyingi. Kama mambo yangeishia hapo tungenyamaza.

Lakini hiyo WPS ina njia ya pili, ambayo mara nyingi imewashwa hata kama hujawahi kuigusa: namba ya siri ya tarakimu 8, iliyobandikwa chini ya ruta. Tarakimu 8 ukizisikia unadhani ni ulinzi, maana michanganyiko yake inafika milioni 100. Mwezi Desemba 2011 mtafiti anayeitwa Stefan Viehböck alionyesha kwamba ni kiini macho. Tarakimu ya mwisho ni ya kuhakikishia tu, inakokotolewa kutokana na zile saba. Halafu ruta inaipima namba vipande viwili: ukikosea nne za mwanzo inakwambia hapo hapo kuwa umekosea, huna haja ya kuhangaika na zilizobaki. Kwa hiyo anayebahatisha anahitaji majaribio 10,000 kwa kipande cha kwanza na 1,000 kwa cha pili. Milioni 100 imeshuka mpaka 11,000. Kompyuta ya kawaida, iliyokaa kwenye gari nje ya ukuta wako, inaimaliza kazi hiyo kwa saa chache, na programu ya kuifanya ilitolewa bure siku zile zile. Ni kama mwizi anayejaribu funguo, na kila akigeuza, kufuli linamwambia “karibu utapata, ongeza kidogo.”

Hilo linajulikana tangu 2011. Simu za Android ziliacha kuitumia njia hiyo kuanzia toleo la 9, mwaka 2018. Za iPhone hazikuwahi kuikubali. Utaratibu mpya wa ulinzi wa waifai, WPA3, uliotangazwa mwaka huo huo wa 2018, umeiacha nje. Waliotengeneza kitu wamekihama, na sisi bado tunamsifu fundi anayekibonyeza.

Tuliouliza paswedi ya nyumba ile tukaambiwa ni namba ya simu ya shangazi. Hapa msicheke, kwa sababu nusu yetu tuliokuwa pale tulitazama chini. Ni nani kati yetu hajaweka namba ya simu? Hata visiwani ndiyo hiyo hiyo, na asiyeweka namba ya simu anaweka jina la mtoto na mwaka aliozaliwa. Sasa hesabuni nasi. Namba zetu za simu zina tarakimu 10, zinaanza na 06 au 07, kwa hiyo zinazobaki za kubahatisha ni 8: milioni 100 kwa 06, milioni 100 kwa 07. Mtu mwenye nia hana haja ya kusimama getini akijaribu moja moja. Anainasa mara moja ile salamu ambayo simu yako na ruta hupeana vinapoungana, anaondoka nayo, na kwenda kuibahatisha nyumbani kwake. Kompyuta za vijana wanaocheza gemu zina uwezo wa kujaribu laki kadhaa kwa kila sekunde. Ukichukua laki nne tu, milioni 200 zinakwisha kwa sekunde 500. Chai haijachemka. Na hapo tumemchukulia kuwa mgeni kabisa. Jirani ambaye namba ya shangazi anayo kwenye simu yake hahitaji hata kompyuta.

Watatokea wa kusema: sisi ni watu wa kawaida, hatuna mali, hatuna cha kuibiwa, mwenye kumuamini Mungu haogopi. Maneno haya tumeyasikia mpaka kwa watu wazima wenye elimu, na yanatuudhi kuliko yote, kwa sababu yamevaa kanzu ya dini. Yule bedui aliyemwacha ngamia wake bila kumfunga akidai anamtegemea Mola alifundishwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba afunge kwanza ndipo ategemee. Hatujui ni lini tuliiondoa kamba kwenye hadithi ile tukabaki na kutegemea peke yake.

Na kusema hatuna cha kuibiwa ni kujisahau sisi ni akina nani. Mwanamke aliyejisitiri barabarani kwa miaka 20, asiyeonekana unywele na mtu wa nje, mali yake iko wapi kama si hapo nyumbani anapokivua kilemba? Suratun-Nur imetufundisha katika aya ya 27 kwamba nyumba isiyo yako huingii mpaka upate idhini na utoe salamu. Aya ya 58 inakwenda mbali zaidi, mpaka ndani ya nyumba yenyewe: hata watoto wadogo wa humo humo wabishe hodi nyakati tatu, kabla ya alfajiri, adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya isha. Mtoto wako wa kumzaa anatakiwa abishe hodi. Ile kamera ya kona ilibisha hodi saa ngapi?

Hatuzui mambo. Novemba 2014 mamlaka ya Uingereza inayosimamia taarifa binafsi ilitoa onyo kwa wananchi wake kwa sababu kulikuwa na tovuti inayoonyesha moja kwa moja picha za maelfu ya kamera za watu, kutoka nchi mbalimbali, zikiwemo za vyumba vya watoto wachanga. Hakuna aliyevunja chochote. Wenye kamera walikuwa wameacha neno la siri lililotoka nalo kiwandani, na maneno hayo ya kiwandani yako wazi kwa kila mwenye kutafuta. Miaka miwili baadaye, mwaka ule ule Bukoba ilipotikiswa na tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, mtetemeko wa aina nyingine ulikuwa unaendelea kwenye mtandao. Programu iitwayo Mirai ilikuwa ikizunguka ulimwenguni ikijaribu maneno ya siri ya kiwandani, kama 60 hivi tu, kwenye kamera na ruta za majumbani. Kila iliyofunguka iligeuzwa askari. Tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi la vifaa hivyo likaelekezwa kwa kampuni moja ya Marekani inayosaidia tovuti kupatikana, na kwa saa kadhaa Twitter, Netflix na nyingine nyingi zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Vijana watatu walioiunda Mirai walikiri makosa mahakamani mwaka uliofuata. Wenye kamera zao, waliokuwa hawana cha kuibiwa, hawakujua hata kidogo kwamba vifaa vyao vimetoka usiku kwenda kupigana.

Uingereza ilichoka, tangu 29 Aprili 2024 ni marufuku kuuza kule kifaa cha nyumbani cha kuunga na intaneti chenye neno la siri la kubahatishika kirahisi. Vinavyoshushwa madukani kwetu tuvitazame wenyewe. Tujichunge.

Tuwe wakweli pia, maana kutisha watu kupita kiasi ni uongo wa namna yake. Aliyeingia kwenye waifai yako hasomi ujumbe wako wa WhatsApp. Ule umefungwa kutoka simu hadi simu, na tovuti nyingi siku hizi zimefungwa vilevile. Anachokipata ni bando lako, na njia ya kuzifikia kamera, runinga na kompyuta zilizomo ndani kana kwamba amekaa nawe sebuleni. Kama ukurasa wa ruta nao umebaki na neno la kiwandani, anaweza kubadilisha mipangilio akakupeleka kwenye tovuti za uongo. Na kuna jingine ambalo halitajwi. Laini iliyomo ndani ya ruta yako imesajiliwa kwa kitambulisho chako na alama za vidole vyako. Mtu akikaa nyuma ya ukuta wako akatukana watu au akatapeli kupitia mtandao wako, nyayo zinarudi mlangoni kwako, kwa jina lako, bibi harusi wa wiki tatu.

Sheria ipo, hatukatai. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtia hatiani anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023 na ina Tume yake ya kupokea malalamiko. Tumieni haki hizo. Ila picha ya mwari ikishatoka nje, hukumu ya mahakama hairudishi macho yaliyoiona.

Sasa tufike kwenye hoja nzito, ambayo kweli ilitupa tabu: ukarimu. Shangazi wa Rwamishenye alituuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake usiku ule. Mgeni amesafiri siku mbili, umempa kahawa, umempa ndizi na samaki wa ziwani, anakuomba waifai awaambie watoto wake amefika salama. Umwambie nini? Umuulize nasaba? Na watoto wa jirani wanaokuja kusomea pale kwa sababu kwao hakuna intaneti, uwafukuze? Kumnyima mtu kitu ambacho hakikupungukii ni choyo, na choyo kwa Wahaya ni aibu kama ilivyo kwetu.

Swali la haki. Jibu tulilipata tulipokumbuka nyumba zetu wenyewe. Nyumba ya mawe ya Unguja ina baraza nje. Mgeni wa kiume hukaa barazani, anapewa kahawa na tende, anaheshimiwa, anaondoka ameshiba mazungumzo, wala hajauona uso wa mtu wa ndani. Za Lamu zina daka na tekani, na njia ya kuingilia imepindishwa makusudi ili apitaye nje, hata mlango ukiwa wazi, asione ua. Hakuna aliyewahi kuziita nyumba hizo za choyo. Wazee walijua kwamba ukarimu una mahali pake pa kukaa, na ni baraza hilo linalokuruhusu uwe mkarimu kwa kila mtu.

Ruta nyingi za sasa zina baraza. Linaitwa mtandao wa wageni. Unauwasha, unaupa jina lake na paswedi yake nyepesi, na anayeukalia anapata intaneti lakini havioni vifaa vya ndani. Wape wageni, wape watoto wa jirani, uhesabu ni sadaka. Simu zenu na kompyuta vibaki ndani. Runinga, kwa maoni yetu, nayo ikae barazani. Ni kifaa kinachopitwa na masasisho mapema na hakina haja ya kujuana na simu yako.

Jambo jingine tunaligusa kwa uchungu, na tunajua wapo watakaotununia. Hiyo kamera ya sebuleni, hata ikiwa kwenye akaunti sahihi, ni ya kumtazama nani? Mwizi anapitia getini. Tunajua nyumba ambazo mume yupo kazini na simu mkononi, anamtazama mkewe akikaa, akiinuka, akipokea mgeni, kisha jioni anamuuliza fulani alifuata nini. Anasema ni usalama. Suratul-Hujurat katika aya ya 12 imekataza kupelelezana, wala hatujaona mahali ilipomtoa mume. Anayemhofia mkewe kiasi hicho hahitaji kamera. Anahitaji wazee wa pande mbili wakae. Na nyinyi akina mama wakwe mnaozifurahia kamera hizo, kumbukeni mnaonekana nanyi. Kamera ikae nje, itazame geti na ukuta. Ndani hapana. Hili hatulijadili kwa bei.

Kwa hiyo nini cha kufanya? Bibi harusi, kabla ya kununua pazia, omba siku moja ukae na ruta. Usikubali kuambiwa ni kazi ya wanaume; kufuli la kabati la nguo zako nani aliwahi kulifunga kwa niaba yako? Chini ya ruta kuna anuani ya namba, mara nyingi inaanza na 192.168. Iandike kwenye simu iliyoungana na ruta hiyo, utafika kwenye ukurasa wake. Neno la kuingilia hapo ndilo la kwanza kubadilisha, maana ndilo funguo ya funguo zote. Itafute WPS, uizime. Kama ruta haina njia ya kuizima, hiyo ruta ni ya kubadilisha, na mwenye kuuliza zawadi ya harusi umempatia jibu. Chagua ulinzi wa WPA3, au WPA2 kama vifaa vyako ni vya zamani. Kuhusu paswedi, achana na herufi za kuumiza kichwa ambazo mwishowe utazibandika kwenye friji. Chukua maneno manne au matano yasiyo na undugu, kitu kama kungumanga, baiskeli, senene, mkeka, alfajiri. Ni marefu, bibi anayakumbuka, kompyuta ya mtu wa gemu inazeeka nayo. (Hayo yetu msiyatumie, yameshasomwa na watu.) Unaandika mara moja kwa kila kifaa, kisha kinakumbuka chenyewe. Asiyetaka kuandika, simu nyingi sasa zinaonyesha kile kimraba cha nukta nukta, mwingine anakipiga picha na kuungana. Urahisi upo, dada zetu, wala hatuuchukii. Tunachokataa ni urahisi ambao funguo yake inabaki kwa mtu mwingine.

Na fundi mwambieni kwa adabu, kabla hajaanza kazi: akaunti ni yangu, namba ni yangu, nitaandika mwenyewe, wewe nielekeze tu. Akimaliza akuonyeshe simu yake, akifute kifaa mbele yako. Fundi mwaminifu hatakasirika. Wa kwetu hakukasirika. Asubuhi yake alirudi Rwamishenye kabla ya saa mbili, akafuta kamera zote mbili mbele ya shangazi, akaomba radhi, na akakataa nauli.

Binti wa chuo na bibi harusi wakakaa sakafuni na ile ruta, hina ikiwa imeshakauka nyeusi tii. Iliwachukua kama dakika 40, pamoja na kubishana juu ya maneno matano. Kwenye mlango wa kuingilia wakabandika karatasi yenye jina la mtandao wa wageni na paswedi yake, kubwa, hata asiye na miwani aione. Shangazi akaridhika. Kamera ya sebuleni ikashushwa na kurudishwa kwenye boksi lake. Baada ya nikaha kaka wa Muscat alipiga simu akilalamika kwamba gharama yote ile, na anachokiona ni geti na migomba tu. Bibi harusi akamwambia ndivyo alivyokusudia.